Re: Kijapani cha vitabuni, mlianzia wapi?

Kutoka: Toyohashi

Shikamooni wakubwa zangu. Huu mwaka wangu wa pili hapa Japani. N3, ile ngazi ya kati ya mtihani wa Kijapani, nimefaulu, lakini nikishika kitabu naona giza. Nilinunua riwaya ya Natsume Sōseki, ukurasa mmoja ukanila jioni nzima. Maneno ya kwenye kadi nayakariri asubuhi, jioni hayapo. Mlisomaje?

Mdogo wenu

Kutoka: Kobe

Marahaba mdogo wangu. Hebu kirudishe kabatini kwanza. Sōseki alifariki 1916. Kijapani chake hata wenyewe huwekewa maelezo.

Mimi mwalimu wangu alikuwa mwanangu. Alipofika darasa la nne alikuja na "Gongitsune" ya Niimi Nankichi, hadithi ya 1932 ya Gon, mbweha mtundu aliyemwibia mtu mkunga wake, kisha akaingiwa na majuto. Vizazi na vizazi vimeisoma shuleni, kwa hiyo mtajie Gon mfanyakazi mwenzako uone atakavyochangamka. Tuliisoma kwa sauti jikoni, mtoto ananisahihisha, nami mama mzima.

Humo ndimo nilimookota "sōshiki", mazishi, na "ihai", kibao cha jina la marehemu. Baadaye jirani akafiwa. Nilipoingia kwao kutoa pole nikakiona kile kibao, na neno likaja lenyewe. Halijanitoka hadi leo. Kuna na "hinawajū", gobore la utambi. Hilo ningelipeleka wapi? Nililiruka.

Tafuta vitabu vyenye furigana, zile hiragana (herufi za sauti) ndogo juu ya kanji (herufi zenye asili ya Kichina), usije ukahangaika kuhesabu mistari ya kila kanji. Aozora Bunko wanaweka hadithi za zamani mtandaoni bure tangu 1997, na Gon yumo. Wala usifungue kamusi kila hatua. Neno likikurudia mara ya tatu ndipo uliandike, pamoja na sentensi yake nzima.

Kutoka: Nagoya

Dada kasema kweli, ila mdogo wangu, ya vitabuni si yote ya kutoka nayo nje. Mimi niliokota "kimi" riwayani, nikaona ni "wewe" ya kistaarabu, nikampelekea hanchō, kiongozi wa kikundi chetu kiwandani, kwa heshima zangu zote. Watu wakanyamaza jii! Kumbe ni neno la mkubwa kwa mdogo, au la marafiki. Mwite mtu kwa jina lake na -san, au kwa cheo chake, "wewe" uisahau kabisa.

Hiyo jii yetu wao huiita "shiin". Wageni wengi hulalamikia maneno ya namna hii, sisi tumekua nayo: nyeupe pe, nyeusi ti, kajaa pomoni, katumbukia chubwi. Mvua ya rasharasha kwao ni "shitoshito", nyota zinang'aa "kirakira". Mwandishi Miyazawa Kenji ameyajaza tele hadithini mwake, ila mengine kayabuni mwenyewe, usiyatafute kwenye kamusi ukakesha.

Kutoka: Toyohashi

Kaka, "kimi" nilishamwambia mama wa kantini. Wiki nzima! Sasa naelewa kwa nini alikuwa anacheka.

Jumamosi nilikwenda maktaba ya mji, nikaonyesha kadi ya zairyū, ile ya ukaazi, nikapewa kadi yao bila kutoa hata yeni. Nikakaa upande wa watoto, magoti yananigusa kidevu, katoto kamoja kananikodolea macho. Gon nimemfikisha nusu, ameanza kumpelekea yule bwana njugu za kuri kisirisiri. Dada, tafadhali, mwisho wake usiniambie.