MREJESHO: Themokapo ya turbine iliyokuwa ikisoma chini

Wakuu, huu ni mrejesho wa lile swali la themokapo (kihisi cha joto chenye nyaya mbili za metali tofauti, ambazo hutoa volti ndogo kulingana na joto) aina ya K kwenye turbine ndogo ya majaribio hapa Dodoma, iliyozidi kusoma chini kila wiki ilhali moto ni uleule, karibu 950°C.

Mliosema tupime kwa sumaku, asanteni sana. Tulipasua ganda, yaani mrija unaofunika nyaya, tukazitoa. Waya chanya, wa nikeli na kromiamu, kwa kawaida haushikwi na sumaku. Huu ulinasa, na ukiukwangua unaona ukijani. Ndani ya ganda lililofungwa oksijeni ni kidogo, hivyo kati ya takriban 800 na 1050°C kromiamu huoksidika huku nikeli ikibaki, na volti hushuka. Kurekebisha mita hakusaidii: waya wenyewe umeshabadilika, na ukiusogeza kidogo tu kosa linabadilika.

Badala ya K tumefunga themokapo aina ya N, inayohimili zaidi tatizo hili, ganda la milimita 6. Waya wa kuunganisha kihisi na mita nao lazima uwe wa N, na mita isetiwe N. Ukiunga kwa shaba tupu, kichwa cha kihisi kikiwa 80°C na mita 30°C, kwenye joto hili utasoma pungufu kwa takriban nyuzi 35. Hapo ndipo wengi wanalaumu kihisi bure.

Kwa anayetaka kuvuka 1200°C muda mrefu, ni platini na rodiamu, aina ya S au R, ndani ya mrija wa alumina (aina ya kauri) safi. Ganda la chuma hapana. Mvuke wa metali huichafua platini.