Mrejesho: Watoto waliorudia kila nilichosema

Niliwaomba ushauri kuhusu watoto wa miaka 4 na 5 ninaowafundisha ugenini kwa lugha wasiyoijua, ambao kila nilipowaambia "kaeni chini" waliitikia kwa pamoja "kaeni chini!" huku wamesimama wima. Nilifuata ushauri wa wengi wenu: sasa ninakaa mwenyewe kwanza, kimya, nao hukaa. Tatizo hilo limekwisha, ingawa dawa yenyewe imezaa jingine, kwani juzi nilipoinama kufunga kamba ya kiatu, darasa zima liliinama na kuanza kufungua za kwao, nikamalizia kipindi nikiwa sakafuni nafunga viatu 22, vingine vikiwa vimekwisha kubadilishana wenyewe. Siku hizi ninavaa viatu visivyo na kamba.