Oda zinazidi kuwa ndogo: ni umaskini wa wateja au biashara yenyewe imebadilika?

Mpigachapa wa Nasser Road (Kampala)

Habari zenu wafanyabiashara na wasanii wenzangu. Nina karakana ndogo ya uchapaji hapa Nasser Road, Kampala, na ningependa kujua kama jambo ninaloliona mimi mnaliona pia katika kazi zenu. Zamani mteja aliyeingia dukani aliagiza kwa wingi: kadi za harusi mia tatu, fulana za ukoo mia moja, kalenda za kanisa au za msikiti elfu moja. Sasa wateja hawajapungua, pengine wameongezeka, lakini kila mmoja anataka kidogo. Mmoja anataka fulana kumi na mbili. Mwingine anataka kadi ishirini za wazee peke yao, kwa sababu wageni wengine wote watatumiwa mwaliko kwa WhatsApp, kwenye kundi lile lile linalokusanya michango ya harusi. Wa tatu ni mama anayetengeneza juisi; anachukua lebo hamsini, na baada ya wiki anarudi kutaka nyingine hamsini, safari hii rangi ikiwa imebadilishwa.

Jambo la pili ni kwamba mteja anakuja na mchoro wake tayari, aliotengenezewa na akili mnemba au alioupanga mwenyewe kwenye simu kwa programu ya Canva. Kwa kuwa anaona usanifu umekwisha, hataki kuulipia. Kwa kweli picha ile mara nyingi ni ndogo mno kuchapwa kwenye bango, herufi zake zimekosewa, na rangi zake ni za kioo cha simu ambazo wino hauwezi kuzifikia. Kijana wangu hukaa nayo muda mrefu kuliko ambao angetumia kuchora upya, na muda huo sijui niuweke wapi katika bei.

Wazee wa mtaa huu wanasema ni umaskini tu na kwamba mambo yatarudi kuwa kama zamani. Ni kweli kwamba msimu wa uchaguzi ukifika, kila baada ya miaka mitano, mashine za ofseti, zile kubwa zinazochapa kwa mabamba, hukesha zikichapa mabango na sote tunasahau malalamiko, lakini siwezi kuendesha duka kwa kungoja uchaguzi. Je, niuze ofseti yangu nikope fedha za kununua mashine ya DTF, ile inayochapa mchoro kwenye filamu ili ubanwe kwenye fulana? Na ninyi oda ndogo mnazipangia bei kwa njia gani?

Skrini na Wino (Jinja)

Ndugu Mpigachapa, wazee wako wanakosea, ingawa si kabisa. Mimi nachapa fulana, na nimefanya kazi kwa skrini, yaani wavu laini uliovutwa kwenye fremu ambamo wino hupenyezwa, tangu ujana wangu. Kwenye skrini kila rangi ina fremu yake: unaipaka dawa, unaikausha gizani, unaichoma kwa mwanga, unaiosha, kisha unazipanga fremu zote zilingane ili rangi moja isipande juu ya nyingine. Nembo ya rangi nne ni fremu nne, na kazi hiyo ni ile ile, uwe unachapa fulana moja au mia tano. Ndiyo sababu tuliwaambia watu kwamba chini ya dazeni kadhaa hatupokei kazi; haikuwa kiburi, hesabu haikuruhusu. Ofseti yako nayo iko hivyo hivyo, maana lazima mabamba yote manne, bamba moja kwa kila rangi, yatengenezwe kabla karatasi ya kwanza haijatoka, na karatasi za mwanzo huharibika wakati unaporekebisha rangi.

DTF imeondoa gharama hiyo ya mwanzo. Mashine inachapa mchoro mzima pamoja na tabaka la wino mweupe kwenye filamu ya plastiki, filamu inanyunyiziwa unga wa gundi na kupashwa moto, kisha mchoro unabanwa kwenye kitambaa kwa mashine ya joto. Fulana ya kwanza na ya ishirini zinagharimu karibu sawa. Kwa hiyo huyo anayetaka kumi na mbili usimhesabu kuwa ni mteja wako wa mia moja aliyefilisika. Ni nahodha wa timu ya mtaani, au msichana anayejaribu kuuza fulana zenye maneno yake mwenyewe, ambaye miaka iliyopita tulimrudisha mlangoni.

Hata hivyo, usikope kwanza. Mashine ya DTF haipendi kukaa bure: wino mweupe una chembe nzito zinazotuama, na ukipitisha siku kadhaa bila kuchapa, kichwa cha kuchapia kinaziba, na bei ya kichwa kipya itakunyima usingizi. Nunua mashine ya joto peke yake. Filamu iliyochapwa inunue kwa mita kutoka kwa mwenye mashine, ukiwapanga wateja wako kadhaa kwenye mita moja ili pasipotee nafasi. Skrini zako, kama unazo, zitunze, kwa kuwa oda kubwa ya rangi moja au mbili bado ni nafuu zaidi kwa skrini, na wino wake unaingia kwenye kitambaa badala ya kukaa juu kama ngozi ya pili.

Mama Cherehani (Mbale)

Kaka wa Jinja, nimekuelewa, lakini umaskini usiuondoe kwenye hesabu haraka hivyo. Mimi hushona gomesi (gauni la heshima la wanawake wa Uganda), kanzu na sare, na kila muhula wa shule unapofunguliwa naona kazi inavyokauka kwa sababu fedha za nyumba nzima zimekwenda kwenye karo. Familia iliyokuwa ikishonesha gomesi za shangazi wote wa bibi harusi sasa inashonesha ya mama mzazi peke yake, na wengine wanakodi. Hao siwezi kuwaita wateja wapya.

Lakini nami nimeona kundi jingine, na hilo linanipa matumaini kiasi. Ni vijana wanaonunua nguo ya mitumba sokoni na kuileta ibomolewe na kushonwa upya: suruali mbili za jinzi zinakuwa koti moja, shati la mwanamume linakuwa gauni. Mwezi Agosti 2023 Rais Museveni, akiwa hapa Mbale katika eneo la viwanda, alitangaza kwamba mitumba ya nguo itapigwa marufuku, na sisi tunaoishi kwa kitambaa hicho tulishtuka. Hata hivyo mabelo yaliendelea kufika. Kampala kuna Buzigahill, kampuni ya mavazi ya mbunifu Bobby Kolade, ambayo hubomoa mitumba, huishona kuwa mavazi mapya na kuyauza huko huko ng'ambo ilikotoka. Mimi sijafika huko, wala sijui kama nitataka kufika, lakini nimejifunza kwamba nguo ambayo haina pacha wake haiwezi kuuzwa kwa bei ya dazeni.

Kuhusu swali lako la bei: nina bei ya kuanza na bei ya kushona, na nazitaja mbali mbali mbele ya mteja kabla sijashika mkasi. Bei ya kuanza ni ya kupima, kubomoa na kukata, nayo hailingani na idadi ya nguo. Anayeleta koti moja anailipa yote. Anayeleta matano ya aina moja anailipa mara moja, na hapo mwenyewe anaona faida ya kuleta matano.

Fundi wa Lubugo (Masaka)

Ninyi mnazikimbia oda ndogo, sisi tunaotengeneza lubugo, yaani kitambaa cha gome la mti, tunazikimbia kubwa. Gome la mti wa mutuba huchunwa msimu wa mvua, mara moja kwa mwaka kwa kila mti, na shina hufungwa majani ya mgomba ili liote gome jipya. Kisha gome linapondwa kwa nyundo za mbao zenye mistari hadi litanuke na kulainika. Hakuna lubugo mbili zinazofanana kwa rangi wala unene. UNESCO iliitambua kazi hii mwaka 2005 na kuiingiza kwenye orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2008, na baada ya hapo walianza kuja watu wenye hoteli wanaotaka vipande mia vya rangi moja, tena kwa mwezi mmoja. Mti hausikii tarehe ya mkataba.

Wanunuzi wanaonifaa ni wabunifu wanaochukua vipande vichache vichache vya kutengeneza mikoba, vifuniko vya madaftari na vivuli vya taa, ambao hawaulizi kwa nini hiki ni chekundu kuliko kile. Wanalipa vizuri na wanarudi. Kwa hiyo kama soko lote linaelekea kwenye vidogo, mimi silalamiki hata kidogo.

Mhasibu wa Ntinda (Kampala)

Naomba niongeze upande wa fedha, kwa sababu oda nyingi ndogo zinabadilisha daftari lako kuliko zinavyobadilisha karakana. Kwanza, wateja wa namna hii wanalipa kwa simu. Kodi ya kutoa fedha kwenye simu, iliyoanza mwaka 2018 kwa asilimia 1 na kushushwa mwaka huo huo hadi asilimia 0.5, inatozwa unapotoa fedha taslimu, tena juu ya ada ya wakala. Aliyezoea kutoa kila jioni anachangia bila sababu. Zibakize fedha kwenye simu na uwalipe kwazo wauzaji wako wa karatasi na wino.

Pili, malipo hayo yanaacha kumbukumbu, nawe tumia kumbukumbu hizo kwa faida yako. Biashara yenye mauzo kati ya shilingi milioni 10 na milioni 150 kwa mwaka hulipa kodi ya makadirio, ambayo viwango vyake hutofautiana kati ya mwenye kumbukumbu na asiye nazo. Chukua duka la mauzo ya milioni 40. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2020, asiye na kumbukumbu hulipa 200,000, ilhali mwenye nazo hulipa 80,000 pamoja na asilimia 0.5 ya kinachozidi milioni 30, yaani jumla ya 130,000. Tofauti hiyo inatosha kununua filamu ya ndugu wa Jinja. Wanaotoa huduma za kitaalamu au burudani wajue kwamba wamewekwa nje ya utaratibu huu.

Tatu ni EFRIS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya mapato, ambao najua wengi hawapendi hata kuusikia. Mwezi Aprili 2024 wafanyabiashara wa Kampala walifunga maduka kwa sababu yake. Pamoja na hayo, kampuni iliyosajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani haiwezi kudai kodi iliyolipa kwenye manunuzi bila risiti ya kielektroniki, hivyo itachagua mchapaji anayeitoa hata kama bei yake imezidi kidogo. Nimeona wachapaji hodari wakikosa kazi kwa jambo hilo peke yake.

Kamera ya Kasese

Mimi ni mpiga picha na video, na nitagusa suala la michoro tu. Acha kudai fedha za usanifu kwa mtu aliyeleta mchoro wake, maana mtagombana. Mtoze kwa kukagua na kuandaa faili, na umwonyeshe kwenye karatasi lile neno lililokosewa kabla ya kutaja bei. Akili mnemba huharibu zaidi pale maandishi yanapokuwa ya Kiganda au Lukonzo, na hata Kiswahili chake kwenye picha ni cha kubahatisha. Hapa kwetu wauzaji wa kahawa na sabuni wanaovusha bidhaa mpakani Mpondwe kwenda Kongo wanataka lebo za Kiswahili na Kifaransa, tena chache chache, na anayeweza kuwasomea lebo vizuri hakosi kazi.

Jambo moja zaidi: Facebook imefungwa nchini tangu Januari 2021, na siku za uchaguzi wa mwaka huo intaneti yote ilizimwa. Namba za wateja wako ziandike pia kwenye daftari.

Mpigachapa wa Nasser Road (Kampala)

Nawashukuru nyote. Ofseti nitabaki nayo kwa kalenda, vitabu vya risiti na huo uchaguzi, na bei ya kuanza ya Mama Cherehani nitaibandika ukutani, pamoja na ada ya kukagua faili. Ndugu wa Jinja, swali moja limebaki: filamu iliyochapwa nikiinunua kwa mita, inaweza kukaa muda gani kabla sijaibana?

Skrini na Wino (Jinja)

Ikikaa mahali pakavu pasipo jua, ndani ya mfuko uliofungwa, inavumilia miezi. Adui yake ni unyevu, ambao unga wa gundi huufyonza. Ukiona filamu imekuwa na mafuta mafuta juu yake, ipashe joto kidogo kabla ya kuibana, na ujaribu kwanza kwenye kitambaa kibovu.