Wamekata waya za Mercedes ya marehemu baba kwa ajili ya redio, breki zikanikimbia daraja la Nyali

Nimejizuia siku nne kabla ya kuandika, kwa sababu siku ya kwanza ningeandika matusi matupu. Leo nimetulia kidogo, lakini hasira iko pale pale.

Gari ni Mercedes E240, ile W211, la mwaka 2004. Liliteremka Kilindini 2011 likitoka Japani, na lilikuwa la marehemu baba. Alikuwa akiliosha kwa mkono wake kila Ijumaa kabla ya sala, na mpaka anaondoka duniani hakuna waya hata mmoja wa gari lile uliokuwa umeguswa. Nayasema haya mapema kwa sababu jibu nililopewa na wale watu, tena mara tatu, ni "gari kuukuu hili, bosi." Ukuukuu wake sikatai. Lakini asubuhi liliingia pale likiwa zima, jioni likatoka bovu, na kilichopita baina ya asubuhi na jioni ni mikono yao.

Wenye magari ya Japani wanajua kwa nini nilitaka redio nyingine. FM ya redio zile za Kijapani inaanza 76 na kuishia 90. Yetu inaanza 87.5 inakwenda mpaka 108. Kwa hiyo unaambulia visteshi viwili vitatu vya mwanzo, basi. Pwani FM huipati, Baraka FM huipati. Ramani ni ya miji ya Japani na sauti inayokuelekeza ni ya Kijapani. Baba alikuwa na CD zake za taarab, hakujali. Mimi nataka kusikia habari, nataka simu iingie bila kuishika nikiendesha, na nataka kamera ya nyuma kwa sababu kichochoro ninachoegesha Kisauni hakina nafasi ya kukosea. Si anasa hiyo.

Duka sitalitaja. Liko mjini, kioo kikubwa mbele, redio za Android zimepangwa ukutani zote zimewashwa. Kabla sijatoa pesa nilimuuliza kijana wa kaunta swali moja tu: "Gari hili lina faiba na amplifaya, kile kikuza sauti, nyuma. Vifaa vyake mnavyo?" Akanijibu, "Bosi, hizi Benz twafunga kila siku." Nikalipa elfu 38 za redio na elfu 4 za kufunga, M-Pesa, ujumbe ninao. Wakaniambia masaa mawili. Nikapewa ufunguo saa kumi na mbili jioni.

Kwa asiyejua, nieleze, maana hapa ndipo penye kosa lote. W211 yenye amplifaya yake haitumi sauti kwa waya wa shaba kutoka kwenye redio. Redio, amplifaya na kicheza CD vimeunganishwa kwa faiba, uzi mwembamba wa plastiki ndani ya ganda la rangi ya chungwa, na kinachopita humo ni mwanga mwekundu. Mwanga ule unazunguka duara: unatoka kwenye redio, unaingia kifaa cha pili, cha tatu, hadi urudi ulikotoka. Ukichomoa kimoja ukaacha ncha zinaning'inia, duara limekatika na vyote vinanyamaza. Halafu nyuma ya redio hakuna ule waya wa kawaida unaopata moto ukiwasha ufunguo. Redio inaambiwa iamke au ilale na mtandao wa kompyuta za gari. Kwa hiyo redio ya kununua inahitaji kijisanduku cha kusoma faiba, na kingine cha kusikiliza ule mtandao. Vyote vinauzwa. Fundi asiye navyo anatakiwa aseme sina, nenda kwa mwingine, nami ningemshukuru.

Hawakuwa navyo, wakashika koleo.

Ijumaa hiyo jioni nililiegesha nikaenda msibani Malindi na shemeji. Jumatatu saa moja asubuhi gari limekufa. Rimoti haifungui, ikabidi nichomoe kile kifunguo cha chuma kilichofichwa ndani yake. Jirani akaja na Probox yake, tukapiga jampa, likawaka. Nikamshukuru, nikampakia mwanangu wa gredi ya tano, tukaondoka.

Tumefika daraja la Nyali, foleni ile ya kila asubuhi, kiyoyozi kinafanya kazi, tunasogea hatua kwa hatua. Mara dashibodi ikawaka nyekundu: breki mbovu, simamisha gari. Nikakanyaga. Pedali ikazama, ikaendelea kuzama, halafu ikawa ngumu kama jiwe, na gari bado linasonga. Nilikanyaga kwa miguu yote miwili huku nikivuta pumzi kama mtu anayebeba gunia. Lilisimama kiasi cha mkono mmoja nyuma ya tuktuk iliyombeba mama na kichanga mgongoni. Mwanangu akauliza, "Baba, kuna nini?" Sikuwa na la kumjibu.

Redio na breki wapi na wapi? Hata mimi nilijiuliza hivyo. W211 za kabla ya 2006 zina breki za SBC. Ukikanyaga, mguu wako hausukumi mafuta ya breki moja kwa moja; kompyuta inasoma ulivyokanyaga, kisha pampu ya umeme ndiyo inayosukuma. Umeme ukipungua, mfumo unajitoa na unabaki na magurudumu ya mbele peke yake, kwa nguvu za mguu wako. Mwaka 2004 Mercedes wenyewe waliyaita magari 680,000 yarudi gereji kwa ajili ya breki hizo. Fundi anayetangaza kwamba hufunga Benz kila siku akaacha kitu kinyonye betri ya gari la aina hii, hajaharibu muziki. Amegusa breki.

Nililisogeza gari pembeni baada ya daraja, likavutwa mpaka kwa mzee mmoja wa umeme wa magari Majengo. Hana kioo wala taa za rangi. Ana mita, kijitochi cha kufunga kichwani, na vijiti vya plastiki vya kufungulia urembo wa ndani bila kuukwaruza. Kitu cha kwanza alichonionyesha ni mikwaruzo ya bisibisi kwenye ile mbao ya dashibodi. Baba alikuwa akiipangusa na kitambaa laini cha miwani.

Kisha akafunga milango yote, akangoja nusu saa, maana kompyuta za W211 hazilali papo hapo. Mita ikasoma ampea 1.4. Gari lililolala linatakiwa liwe chini ya 0.05. Akachomoa redio, mita ikateremka hadi 0.03. Piga hesabu mwenyewe: Ijumaa jioni mpaka Jumatatu asubuhi ni masaa 61, mara 1.4 ni kama ampea-saa 85. Betri yangu ni ya 95. Waya wa njano wa redio, ambao ni wa moto wa kudumu, na mwekundu, unaotakiwa upate moto ukiwasha ufunguo tu, walikuwa wamezisokota pamoja na kuzipachika kwenye moto wa kudumu. Redio haikulala hata dakika moja. Skrini ilikuwa nyeusi, lakini ndani iko macho.

"Sheikh, njoo uone mwenyewe," akaniambia, akavuta fungu la waya. Plagi ya Mercedes imekatwa, haipo. Waya zimesokotwa kwa vidole na kuzungushiwa selotepu. Selotepu ya kubandikia karatasi! Kwa joto la Mombasa gundi ilikuwa imeshakuwa uji, na nne kati yake zimeachia, shaba ziko wazi zinagusana na chuma. Faiba walikuwa wameikunja mara mbili kama mtu akunjavyo noti, wakaisukuma nyuma. Faiba haitakiwi kupindwa kona yenye nusu kipenyo chini ya milimita 25. Mzee aliipachika upande mmoja, akazima tochi, tukachungulia upande wa pili. Panapotakiwa nukta nyekundu inayong'aa palikuwa na giza. Huko kwenye buti wakakata waya za spika kwenye amplifaya, wakapitisha nyingine za bei ya chini kabisa chini ya zulia. Mfumo mzima wa sauti wa Harman Kardon uliokuja na gari umekaa pale hauna kazi. Sasa nikaelewa kwa nini spika za nyuma zilikuwa zikikoroma.

Nimerudi dukani na picha zote. Kwanza gari kuukuu. Halafu betri mbovu. Halafu meneja akaja akasema warranti ni ya redio, si ya gari. Nikamwonyesha risiti yake, imeandikwa "kufunga 4,000." Kufunga huko nimekulipa, kwa hiyo kuna warranti yake pia! Akaniambia nitoke niwaachie wateja nafasi.

Mpaka sasa kwa mzee nimetumia 11,500, pamoja na betri ndogo ya mbele, maana gari hili lina betri mbili. Kubwa imenusurika. Faiba na plagi bado. Ninakwenda Mahakama ya Madai Madogo, ambayo inapokea madai yasiyozidi milioni 1, na nitabeba Kifungu cha 46 cha Katiba kinachompa mteja haki ya huduma yenye ubora unaofaa na fidia akipata hasara. Mzee amekubali kuandika alichokiona na vipimo vya mita. Kama wewe pia umefungiwa redio mjini mwaka huu ukawa unaamka na betri imekufa, usikubali kuuziwa betri mpya kabla gari halijapimwa likiwa limefungwa nusu saa. Na kama ni W211 ya kabla ya 2006, tafadhali usiliendeshe mpaka lipimwe.

Jambo langu la mwisho ni ombi. Kama kuna mtu Mombasa, au hata Voi, anayevunja W211 kwa spea, nahitaji plagi ya nyuma ya redio ikiwa na waya zake urefu wa shubiri moja, usiikate karibu na plagi, pamoja na faiba yote ya kutoka dashibodi hadi buti. Redio ya zamani ya Kijapani ninayo, niliichukua siku ile ile, na narudisha hiyo hiyo.