Wazazi na vijana mlioomba vyuo vya maofisa wa jeshi la Marekani, West Point (nchi kavu), Annapolis (wanamaji) au Colorado Springs (wanahewa), tupeane uzoefu

Baba Juma, Texas
Wakuu wa huku Marekani, salaam. Kijana wangu yuko darasa la kumi na moja, kaja na jambo: anataka West Point. Jeshi ninalolijua mimi ni la kupitia JKT, usaili, halafu ukibahatika chuo cha maofisa Monduli. Huku naona fomu zinapita kwa mbunge! Masomo bure, ukimaliza unatumikia jeshi si chini ya miaka mitano. Hilo nimelielewa. Waliopita humo, semeni mlianzia wapi na mlikwama wapi.

Mama Furaha, Ohio
Anza na uraia, baba. Sisi tulitoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Mimi niliapa binti yangu akiwa hajafika miaka 18, ana grini kadi na anaishi kwangu. Kwa sheria, mtoto wa namna hiyo anakuwa raia palepale, haapi. Lakini bila karatasi utamwonyesha nani? Tulimchukulia pasipoti ya Marekani kwanza, cheti cha uraia, kwa fomu ya N-600, kikafuata baadaye. Na asiwe na ndoa wala mtoto wa kumlea. Hilo nalo wanauliza.

Kadeti mwaka wa pili
Shikamooni wazazi. Kwenye uteuzi, yaani kiongozi kupeleka jina lako chuoni, ndipo wengi tunapoachwa. Aombe kwa mbunge wa wilaya yake, maseneta wote wawili na Makamu wa Rais. Kila mmoja ana fomu zake, insha zake na tarehe yake, na ofisi nyingi hufunga Septemba au Oktoba akiwa darasa la kumi na mbili. Asisubiri ajibiwe na mmoja ndipo aombe kwa mwingine. Mbunge hawezi kuwa na kadeti zaidi ya watano kwa wakati mmoja katika chuo kimoja, kwa hiyo kuna miaka nafasi ni moja tu na majina yanapelekwa mengi. Ukiteuliwa, bado chuo hakijakukubali.

Kwenye usaili waliniuliza, "Ukikosa?" Nikasema nitaingia ROTC, yale mafunzo ya uofisa ndani ya chuo cha kawaida, mwakani naomba tena. Mzee mmoja akaandika kitu, sijui nini, ila alitabasamu.

Chuo cha Walinzi wa Pwani, kule New London, hakihitaji uteuzi wa mbunge. Watu wetu hawakitazami kabisa, sijui kwa nini.

Mzee wa Minnesota
Kwetu ilikuwa afya. Akiwa na miaka 14 kijana alikohoa, zahanati moja ikampa dawa ya kuvuta na kuandika "pumu". Alipona, tukasahau. DoDMERB, bodi ya Wizara ya Ulinzi inayokagua afya ya waombaji, hawakusahau, maana pumu baada ya kutimiza miaka 13 inakuondoa. Msamaha upo, lakini unatolewa na chuo chenyewe, nacho hakiangalii mtu ambaye hakimtaki. Tulipeleka vipimo vya mapafu vya daktari bingwa, wakakubali. Chukueni faili za hospitali mapema mzisome wenyewe.

Dada Mwanahamisi
Mazoezi! Vipimo ni sita, vinafuatana na pumziko dogo: kurusha mpira wa kikapu umepiga magoti, kujivuta kwenye chuma, mbio za kwenda na kurudi, kulala chali na kuinuka, pushapu, kisha maili moja. Mdogo wangu alikuwa mkali wa kila kimoja peke yake. Vikiunganishwa, ile maili inakukuta mikono imekufa. Ajipime vyote sita kwa mkupuo. Msimamizi anaweza kuwa mwalimu wake wa michezo.

Mama Furaha, Ohio
Halafu binti yangu Annapolis hawakumchukua moja kwa moja, wakampa mwaka mmoja shule yao ya maandalizi kule Newport. Ile haina maombi yake, wanakuchagua wao. Baba mtu alinuna, akaona ni kurudishwa darasa. Sasa hivi yuko ndani Annapolis, na hesabu alizosoma kule ndizo zinazombeba.

Baba Juma, Texas
Asanteni sana. Pasipoti anayo. Mzee wa Minnesota, dogo naye aliwahi kupewa dawa ya kuvuta, akiwa na miaka tisa. Hiyo nayo wanaihesabu?

Mzee wa Minnesota
Kabla ya 13 si kikwazo kama haijarudi tena. Lakini aiandike. Asiifiche.