Horde ya Warcraft: je, ni waovu waliobadilika, au lawama huhamishwa tu?

Mleta mada

Ndugu wanajukwaa, naomba tujadili suala moja la kimaadili katika michezo ya kompyuta ya Warcraft. Mwaka 1994, katika mchezo wa kwanza, maorki, jamii ya wapiganaji waliounda kundi la Horde, walikuwa wavamizi na basi: walivuka Lango la Giza kutoka ulimwengu wao wa Draenor, wakaiangusha Stormwind, ufalme wa wanadamu, na hakuna mchezaji aliyetakiwa kuwaonea huruma. Warcraft III ilipotoka mwaka 2002, tulielezwa kwamba walikuwa wametiwa wazimu na damu ya shetani Mannoroth, kwamba zamani walikuwa watu wenye heshima na mila zao, na kwamba Thrall, orki aliyekulia utumwani mikononi mwa wanadamu, alikuwa akiwarudisha katika asili yao. Wengi wetu tukahamia upande wao kwa moyo mmoja. Baadaye Garrosh, aliyemrithi Thrall kama kiongozi wa Horde, akailipua Theramore, mji wa wanadamu, na mwaka 2018 Sylvanas, kiongozi mwingine wa Horde, akauchoma mti mkubwa wa Teldrassil, makazi ya watu wa jamii ya Night Elf, ilhali raia wakiwa bado ndani. Je, Horde ilibadilika kweli, au waandishi wa Blizzard, kampuni inayotengeneza michezo hii, huwageuza kuwa wema au waovu kwa kadiri toleo jipya linavyohitaji vita?

Mzee wa Kalimdor

Ndugu mleta mada, kisingizio cha damu ya Mannoroth hakijawahi kunishawishi, kwa sababu simulizi yenyewe inakikanusha. Vita dhidi ya Draenei, jamii iliyoishi nao Draenor, vilianza kabla maorki hawajakinywea kikombe cha damu hiyo walichopewa na mchawi wao Gul'dan. Walichochewa kwa uongo, naam, lakini mikono iliyoshika shoka ilikuwa yao, na akili zao zilikuwa timamu. Durotan, mkuu wa ukoo mmoja wa maorki, alikataa kunywa. Orgrim Doomhammer naye hakunywa, na bado ndiye aliyeiongoza Horde katika Vita vya Pili dhidi ya wanadamu, vita ambavyo hakuna anayeweza kudai vilipiganwa na kiongozi asiyejua atendalo.

Kisha likaja toleo la Warlords of Draenor, mwaka 2014, ambalo kwangu lilifunga mjadala. Humo tunapelekwa katika Draenor nyingine, kiongozi wa maorki Grommash Hellscream anashawishiwa akatae kile kikombe, anakikataa mbele ya watu wake wote, na kitu cha kwanza wanachokifanya baada ya kujikomboa ni kuunda Iron Horde na kuuvamia ulimwengu wetu. Ikiwa hata bila damu ya shetani wanafanya yaleyale, basi damu ile haikuwa chanzo cha uovu wao, bali iliwapa nguvu na sababu ya kujitetea.

Kete Nyeusi

Mzee, nakubaliana nawe kuhusu maorki wa Draenor, ila unazungumzia kabila moja, ilhali mleta mada ameuliza kuhusu Horde. Kundi aliloliunda Thrall liliwajumuisha Tauren, watu wanaofanana na ng'ombe, wa Cairne Bloodhoof na matroli wa Darkspear, watu ambao hawakuwahi kuvuka Lango la Giza wala kuwadhulumu Draenei. Hao ndio waliobeba dhamiri ya Horde. Kabla ya Theramore kulipuliwa, ni Baine, mwana wa Cairne, aliyemtumia Jaina, mtawala wa mji huo, onyo kwa siri. Na Garrosh alipozidi kuota mapembe, ni Vol'jin wa Darkspear aliyeanzisha uasi uliomng'oa mwaka 2013. Kundi la waovu halizai waasi wa namna hiyo kutoka ndani yake mara kwa mara.

Kosa ninaloliona liko katika uandishi. Waliocheza upande wa Horde katika milima ya Stonetalon wakati wa toleo la Cataclysm watakumbuka kwamba kamanda mmoja, Krom'gar, aliangusha bomu kwenye makazi ya wasio na hatia. Garrosh akafika mwenyewe, akamkemea kwa kuivunjia Horde heshima, kisha akamtupa kutoka juu ya jabali. Hiyo ilikuwa mwaka 2010. Mwaka 2012 Garrosh yuleyule anaangusha bomu juu ya mji mzima na kujisifu. Mtu anaweza kuharibika, sikatai, lakini mabadiliko makubwa kiasi hicho yanahitaji kuonyeshwa hatua kwa hatua, nasi tulionyeshwa mwanzo na mwisho tu.

Mchezaji Mtulivu

Nadhani jibu liko katika muundo wa mchezo wenyewe. World of Warcraft, mchezo wa mtandaoni wa mfululizo huu, ina pande mbili zinazochezwa na watu wanaolipa kila mwezi, kwa hiyo haiwezekani kuitangaza Horde kuwa ovu na kuifuta. Vita vinahitajika, mkosaji anahitajika, na mchezaji lazima abaki. Njia pekee inayosalia ni kumbebesha kiongozi zigo lote, kumwondoa, kisha kundi linatangazwa kuwa safi. Walifanya hivyo kwa Garrosh, wakarudia kwa Sylvanas.

Linalonikera ni nafasi ya mchezaji. Katika mapambano yaliyoishia Teldrassil, wachezaji wa Horde ndio waliosafisha njia hadi ufukweni, na hapakuwa na hatua yoyote ya kusema hapana. Baadaye tulipewa nafasi ya kuchagua kati ya Saurfang, jenerali mkongwe wa Horde aliyeasi, na Sylvanas, lakini njia zote mbili zilifika palepale: Saurfang akafa nje ya malango ya Orgrimmar, Sylvanas akatamka kwamba Horde si kitu, akatoweka.

Mleta mada

Nawashukuru. Hoja ya Mchezaji Mtulivu imenigusa zaidi, ingawa inaacha swali: je, kuondoa cheo cha Warchief, yaani kiongozi mkuu wa Horde, na kuweka baraza la viongozi baada ya Saurfang si ishara kwamba safari hii walijifunza?

Mzee wa Kalimdor

Ni ishara kwamba wameishiwa na watu wa kulaumu. Baraza lina manufaa yake, maana amri kama ile ya Teldrassil ingewalazimu wengi kuiafiki, na Baine asingekubali. Lakini angalia kilichofuata: mwaka 2022 wachezaji wa pande zote mbili waliruhusiwa kuingia pamoja katika mapango na kupigana bega kwa bega, huku watu wa jamii ya Night Elf wakiwa hawajapata hukumu yoyote dhidi ya askari wa kawaida waliowasha ule moto. Saurfang mwenyewe, aliyeipanga kampeni ile tangu mwanzo, aliagwa kama shujaa.