Flashi nyeupe ya nani? (gumzo la kikundi cha ukoo)

Shangazi Mwembetanga: Asalaam aleikum jamaa. Nani kaacha flashi nyeupe kwangu siku ya hitima? Mtoto kaichomeka kwenye tivii mie nipo jikoni, nasikia wimbo mtamu nikajua katuni, natoka namkuta na wenzake watatu wamekodoa macho na katuni lenyewe linatukana matusi ya nguoni. Kizungu hawakijui chote lakini tusi moja washalidaka na leo kalitoa chuoni kwa Kurani mbele ya mwalimu. Nimeitwa

Shemeji Fuoni: Waaleikum salaam. Astaghfirullah, chuoni tena??

Kaka Jang'ombe: Shikamoo shangazi. Yangu hiyo. Nisamehe sana, nilimletea Ami kaswida zake humo, folda la katuni nikasahau kulifuta. Mwalimu ntamwendea mwenyewe leo baada ya alasiri nimuombe radhi, mtoto hana kosa

Shangazi Mwembetanga: Marahaba. Mwende. Lakini nauliza na nataka kujua kweli, mtu mzima una mke una watoto, katuni la matusi raha yake nini?

Kaka Jang'ombe: Ntakujibu kwa urefu shangazi maana naipenda na sitaki kukuficha. Ile ni filamu ya South Park ya 1999, wenyewe ni Trey Parker na Matt Stone, walianza na kipindi cha tivii 1997 na cha mwanzo kabisa walikikata kwa karatasi na mkasi, wanasogeza kidogo wanapiga picha, wanasogeza tena, baadae ndo wakaingia kwenye kompyuta lakini sura ile ya karatasi wakaiacha vile vile. Vichwa duara, macho makubwa, wanatembea kwa kurukaruka, ukiwaona unasema watoto wa skuli hawa masikini. Wakifungua mdomo linatoka tusi la utingo aliyedhulumiwa nauli. Hapo ndo mbavu zinaponiuma. Tusi hilo hilo angelisema mtu wa kweli ningeona haya ningezima

Kaka Jang'ombe: Na kisa chenyewe ndo hiki chetu cha leo wallahi. Watoto wanapenya sinema kuangalia filamu ya wachekeshaji wawili wa Kanada ambayo si ya umri wao, wanarudi skuli wanatukana, kina mama wanakuja juu wanasema Kanada ndo imewaharibu wana wetu, mpaka Marekani inapigana vita na Kanada. Watu wanakufa kwa sababu ya matusi. Wanawasema watu ambao tusi linawakera kuliko damu. Wimbo wa kina mama wale uliteuliwa kugombea Oscar, mwaka 2000 mchekeshaji Robin Williams akauimba pale jukwaani

Shangazi Mwembetanga: Kwa hiyo mama wa vita ndo mie?

Kaka Jang'ombe: La hasha shangazi. Wewe umeuliza flashi ya nani tu

Shemeji Fuoni: Mie niliangalia ile ya vyakula, Sausage Party ya 2016. Soseji na mikate wanaimba asubuhi ndani ya supamaketi, wanaamini anayenunuliwa anakwenda peponi. Nikasema hii ya watoto. Yanayofuata siyaandiki humu kuna wazee, nilizima. Na dini hawabakishi hata moja

Kaka Jang'ombe: Hapo nakuunga mkono shemeji. Wakigusa dini mie naruka mbele, sicheki. Na nyengine tusi lipo tupu halina kisa nyuma yake, dakika kumi ushachoka. Ile ya karatasi naitetea kwa sababu ina la kusema

Dada Mwana: Hata kwao wanajikwaa. Hiyo hiyo ya soseji, huko California sinema moja ilikosea ikaweka tangazo lake kabla ya Finding Dory, ukumbi umejaa watoto, na kwao filamu ile wameipa R, chini ya miaka 17 haingii ila na mzazi au mtu mzima wake. Ndo ubaya wa katuni, uso wake wa mtoto. Mtu anaona rangi anasema kaeni hapo mie nipike

Ami Mkunazini: Enzi zetu filamu ya wakubwa ukiitaka unakwenda sinema ya Majestic pale Vuga, mjini Unguja, na mlangoni kuna mtu anakutazama kidevu kama kimeota kitu. Siku hizi lipo Baraza la Sanaa, Sensa, Filamu na Utamaduni, linakagua za kuoneshwa hadharani, sasa flashi mfukoni mwa kijana wetu ataikagua nani kama si mwenyewe

Dada Mwana: Bibi nipo nae hapa nimemsomea yote. Anasema niandike hivi: Kina mama wa mji huu tumeimba makubwa kuliko hayo. Unyagoni kila kitu kinatajwa kwa jina lake, Bi Kidude Mungu amrehemu akiipiga ngoma ile watu wanacheka mpaka machozi na mwari anafundishika humo humo kwenye kicheko. Lakini mlango umefungwa. Mwanamme haingii, mtoto haingii, na asubuhi mkikutana Darajani ni shikamoo marahaba, hakuna aliyesikia kitu

Kaka Jang'ombe: Bibi umenisemea. Ndo maana naangalia usiku na wenzangu wawili watatu, tunacheka ya mwaka mzima, asubuhi kila mtu kazini. Kosa langu mlango niliuacha wazi

Dada Mwana: Mie naona kama kanga vile, nguo inapendeza pindo limekaa vizuri, jirani akisoma jina lililoandikwa usingizi hapati

Kaka Jang'ombe: Nimerudi kwa mwalimu. Kasamehe. Kasema mtoto asipigwe, na mie niwe nampeleka chuoni mwenyewe wiki hii yote

Shangazi Mwembetanga: Alhamdulillah. Flashi ipo kabatini chini ya nguo za Idi uje uichukue kwa mkono wako

Dada Mwana: Bibi anauliza, wale kina mama vita walishinda?

Kaka Jang'ombe: Hawakushinda. Mtoto mmoja aliyekufa aliomba kila kitu kirudi kama kilivyokuwa kabla ya vita, kikarudi

Dada Mwana: Kanyamaza kidogo. Anasema uje nayo Jumamosi baada ya isha, watoto walale kwanza